Shukrani kwa dada wa daftari, Showground ya Nakuru, 2008

Dada, sikuwahi kukuuliza jina. Nakukumbuka kwa kizibao chekundu cha Msalaba Mwekundu na kalamu uliyoichomeka kwenye nywele.

Januari ile, tukikimbia ghasia za baada ya uchaguzi, tulifika kambi ya Showground juu ya lori la mahindi. Tulipohesabu watoto, mmoja hayupo: mpwa wangu wa miaka sita. Tulipotezana naye kwenye msukumano wa kupanda lori.

Wengi walinipa pole. Wewe ulikalia mtungi mtupu, ukafungua daftari. Jina lake, la mamake, kovu liko wapi, alivaa nini. Nikasema sweta ya kijani, kifungo cha juu hakipo. Hata hicho kifungo ukakiandika. Jioni ukaenda Uwanja wa Afraha, ambako wakimbizi wengine walikuwa wamepiga kambi, ukauliza hema kwa hema. Ukamkosa. Kesho yake ukarudi tena. Siku ya tatu nikaiona sweta ikija, wewe umemshika mkono.

Watu hukumbuka unga na blanketi, na kweli tulizipata. Lakini kuunganisha ndugu waliopotezana ni kazi ya siku nyingi ya shirika lenu la Msalaba Mwekundu, lililoundwa hapa Kenya kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na ni nadra kupigwa picha.

Mpwa wangu siku hizi ana ndevu. Sweta mamake bado anayo, amekataa kata kata kuigawa. Asante, dada. Na nyinyi vijana wa Nakuru mlio na nafasi Jumamosi, nendeni mkajiandikishe kujitolea.