Barua kwa mwanangu anayekwenda kupanda minara

Mingoyo, Lindi

Mwanangu Saidi,

Salaam. Mama yako hajambo, ila mguu ni ule ule. Daftari lako la hadithi nimelimaliza, na swali lako, kama watu wanaweza kuishi kwenye sayari uliyoibuni, jibu lake ninalo, lakini kwanza hili la Jumatatu. Uliposema kwenye simu kwamba wenzako wakongwe wanapanda mnara bila kufunga mkanda kwa sababu "unachelewesha", mtandao haukukatika kama ulivyodhani. Niliishiwa maneno.

Haya, sayari yako. Umeipa kipenyo mara kumi ya Dunia, halafu watu wake wanarukaruka kama watoto wa mbuzi! Kama ni ya mawe na chuma vilivyoshindiliwa kama hapa kwetu, basi tungamo lake, yaani wingi wa vitu vilivyomo, ni mara 1,000 ya letu. Aliyesimama juu yake yuko mbali na kitovu mara kumi, na mvutano wa sayari hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo gawa kwa 100. Inabaki mara kumi. Wewe wa kilo 65 utajiona kama kilo 650, yaani mwili wako wenyewe uwe magunia manane ya korosho. Kunyanyua kijiko tu ni kibarua.

Ukitaka watembee kama sisi, ifanye nyepesi. Zohali ina tungamo la Dunia 95, lakini imetanuka mara tisa na nusu, hivyo mvutano juu ya mawingu yake unakaribia wa hapa. Ubaya wake ni gesi, hakuna pa kukanyaga. Mtunzi ni wewe, watundike kwenye maputo.

Majitu ya mita 12 yafute. Kiumbe akirefuka mara mbili kwa umbo lile lile, uzito unapanda mara nane, lakini eneo la mkato wa mfupa mara nne tu. Yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa kilima cha Tendaguru huku kwetu Lindi, ambaye wazee wetu walibebeshwa mifupa yake kichwani hadi bandarini Lindi kati ya 1909 na 1913, leo amesimamishwa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Miguu yake ni nguzo, na huyo aliishi kwenye mvutano huu huu wa Lindi. Kwenye sayari yako vitaishi viumbe vifupi vipana, vinavyotambaa kama kaa. Mnazi hapandi mtu.

Ukurasa wa 14 shujaa wako anadondoka mita 20 na kujipangusa vumbi. Hapa kwetu mita 20 ni sekunde mbili, na unafika chini kwa kilomita 70 na ushei kwa saa. Kwenye sayari yako haifiki hata sekunde moja, na mwendo ni kama kilomita 225. Mimi sekunde moja naijua, ile ya mnazi wa nyuma ya jiko. Mama yako mpaka leo anaamini ulipanda kwa utundu wako. Madafu niliyataka mimi, na yule mgeni niliyemsingizia siku ile hakuwapo.

Kwa hiyo huko mnarani kulabu ya kwanza ya mkanda wako haitoki mpaka ya pili imeshika. Ukiwa umechoka, hivyo hivyo. Zikibaki hatua mbili ufike chini, hivyo hivyo. Msimamizi akikuharakisha, mwambie baba yako ni mkorofi, alikuwa mwalimu.

Kuacha chuo sikukupenda nako, na nilisema sitalirudia. Ila pale mvua inapopiga bati la sayari yako kama kokoto, nimemsomea mama yako mara mbili. Akauliza umeyatoa wapi. Nikasema kwangu.

Salfa ya mikorosho nimepata mifuko mitatu, mashine ya kupulizia imegoma, nimeazima ya jirani, naye anataka mafuta yake. Mikorosho ya bondeni imeshaanza maua. Dada yako kaja na watoto, ming'oko yote imekwisha, kwa hiyo usiingojee. Hela uliyotuma nilinunua bati la jiko, chenji anayo mama yako, mdai mwenyewe ukiweza.

Umesahau tochi yako ya kichwani juu ya kabati. Nimeifunga pamoja na barua hii kwenye mfuko wa rambo, nampa konda wa basi la asubuhi la Masasi. Mfuate stendi mapema kabla hujaondoka kwenda Tunduru, na uijaribu hapo hapo, betri sina hakika nazo.

Baba yako