Kliniki iwafuate akina mama wa Yaeda

Ndugu Mhariri,

Kila kiongozi anayepanda jukwaani siku hizi anataja kushuka kwa vifo vya akina mama: kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Wanaostahili pongezi wapongezwe. Ila wastani wa taifa hausemi lolote kuhusu mama wa Kihadzabe wa Bonde la Yaeda, huku kwetu Mbulu. Wahadzabe, jamii inayoishi kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini, wanakadiriwa kuwa elfu moja na ushee tu. Hata wote wakijifungulia porini, takwimu za Dodoma hazitikisiki.

Sera inasema mjamzito hatozwi. Sawa, lakini ataambiwa aje na beseni, khanga, glovu, pamba, wembe na uzi. Kwa anayeishi kwa mizizi, ubuyu na asali, hayo ni malipo, tuyaite tutakavyo. Tena hudhurio la kwanza aje na mwenza wake. Akikosa, alete barua ya mwenyekiti. Mwenza yuko mawindoni, na mwenyekiti anakaa mbali na kambi.

Katika zahanati moja nilimsikia mhudumu akimkemea binti wa Kihadzabe mbele ya foleni nzima eti ananuka moshi. Mimba yake ilikuwa kubwa. Binti alikunja kadi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaondoka bila hata kupimwa presha. Nani atamlaumu akijifungulia kambini mikononi mwa bibi yake?

Kadi yenyewe humwambia mama arudi baada ya wiki nne. Wiki nne zikipita kambi imeshahama kufuata maji na matunda.

Tumeletewa pia m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito: piga 115 bure, gari lije. Mpango mzuri sana kwa mwenye simu, mtandao na barabara. Masika ikikolea, tope la bondeni halijali namba uliyopiga.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Huduma ya mkoba ifike kambini kwa ratiba inayofuata misimu ya Wahadzabe wenyewe: mkunga, kipimo cha damu, vidonge vya madini ya chuma, chanjo ya pepopunda. Hospitali ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955, ina uzoefu wa miaka mingi wa kupeleka huduma vijijini, kwa hiyo halmashauri haianzi sifuri. Na katika mpango uliozinduliwa Januari 2024 wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000, mabinti wa Kihadzabe wawekewe nafasi. Cheti cha shule kisiwe ukuta. Wapo wanaojua kusoma na kuandika, na kambi zote wanazifahamu.

Wapo watakaosema Wahadzabe wana fedha za kaboni, wajigharimie. Kweli vijiji vile vinalipwa kwa kutunza msitu, na sehemu ya fedha hizo hulipia matibabu. Lakini mama wa Babati haambiwi atunze msitu kwanza ndipo apate mkunga.

Madiwani wetu watuambie kabla bajeti haijapitishwa: fungu la dizeli ya huduma ya mkoba Yaeda ni shilingi ngapi, na gari litashuka bondeni tarehe zipi?

Msomaji wako,
Mbulu, Manyara