Tuonyesheni na vinyago vya Lilanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mimi ni mchongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, na tezo na patasi ndizo zilizonisomeshea watoto. Vijana wanaopita kibandani kwangu wanamjua George Lilanga kwa picha tu: yale mashetani ya rangi kali, masikio makubwa, midomo minene, matumbo yametokeza. Wapo wanaoishi kwa kuzinakili. Ukiwaambia mzee yule alikuwa mchongaji kabla ya kushika brashi, wanashangaa. Inaniuma.

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kijijini Kikwetu, kusini, katika familia ya Kimakonde. Alianza kujifunza kwa kuchonga mizizi ya muhogo, laini, kisu kinapita bila shida, kisha akahamia kwenye mpingo. Anayechonga anajua huo ni mwendo mrefu. Mpingo ni mgumu na ni ghali. Pigo moja likipotoka kipande kinapasuka, na hakuna namna ya kukiunga mteja asione.

Miaka ya 1970 alikuja Dar es Salaam, na mjomba wake Augustino Malaba, naye mchongaji, akamsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa usiku! Vinyago vyake vilipoonekana ndipo akaingia upande wa wasanii. Huko akakutana na wino, batiki na ngozi ya mbuzi, baadaye akapaka rangi kwenye mbao bapa. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zimeshafika Washington, Marekani.

Sasa tazama picha yake yoyote kwa jicho la mchongaji. Watu wamebanana hadi ukingoni, mkono wa huyu unaishia begani kwa yule, mguu unajaza pengo lililobaki. Hivyo ndivyo tunavyochonga kinyago cha ujamaa, kile cha watu wengi walioshikana: gogo ni moja, kila mtu lazima apate pa kusimama bila kumkata jirani yake. Mistari yake ile mizito, kwangu mimi, ni njia ya patasi. Anayenakili rangi bila kulijua gogo hutoa mashetani yanayoelea, hayashikani.

Halafu alifanya jambo ambalo wengine wetu tulilipinga: alichukua mti mwepesi, akachonga, kisha akaupaka rangi nyekundu, njano na buluu. Tulizoea kwamba kinyago cha heshima ni cheusi, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa. Nadhani kazi hizo ndizo bora kuliko zote alizofanya, maana ndani yake mchongaji na mchoraji wanaonekana pamoja.

Kisukari kilimfanya akatwe miguu, lakini aliendelea na kazi, akisaidiwa na vijana, mpaka alipofariki Juni 2005.

Kazi zake nyingi ziko Ulaya, kwa wakusanyaji. Ombi langu kwa Makumbusho ya Taifa ni kuandaa maonyesho ya vinyago vyake, vya mpingo na vya rangi, vipangwe kwa miaka, na picha zikae pembeni yake. Familia na wenye maduka waliobakiwa na vipande vya zamani waviazime. Nasi wachongaji tuko tayari kuja na magogo yetu kuwaonyesha wanafunzi jinsi kazi inavyoanza.

Mchongaji,
Mwenge, Dar es Salaam