Baba Neema, fungua stoo

New Jersey, Jumapili usiku

Baba Neema, ndugu yangu,

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kwenye basi natoka kazini, mara ya pili nyumbani nikiwa nimeshavua viatu. Dakika kumi na moja! Mangi, hiyo si salamu tena, ni mahubiri ya Ijumaa Kuu. Lakini nimekuelewa. Vijana wa kwaya hawataki gita. Wanataka kile kinanda chenye midundo iliyotiwa tangu kiwandani, mtu anabonyeza kitufe ngoma inajipiga, yeye anabaki kuchezesha vidole viwili. Na gita la solo limelala stoo na viti vibovu. Ukamalizia kwamba muziki wa gita umeshakufa, kilichobaki ni kuuzika.

Subiri kwanza, usichimbe kaburi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda tamasha la wazi pamoja na mwanangu mkubwa, yule uliyembeba siku ya ubatizo akakulowesha koti. Ana miaka kumi na sita sasa na masikio yake hayajapata hewa tangu mwaka juzi, muda wote yana vidude vya kusikilizia muziki. Nilipomwambia twende tukamwone mpiga gita, alinitazama kama nimemwambia twende tukapalilie kahawa. Nikamwambia, huyu ndiye aliyepiga gita lile linalolia kwenye "16 Carriages" ya Beyoncé. Akakaa kitandani. Akauliza, "Yule yule?" Basi, akavaa viatu.

Jamaa anaitwa Robert Randolph, ni kijana wa hapa hapa New Jersey, ingawa "kijana" sasa ni heshima tu, maana tunakaribiana umri. Unaijua sauti ya chombo chake hata kama jina hulijui. Zile kaseti za Don Williams alizokuwa akipiga marehemu mzee wako Jumapili jioni, ile sauti ya nyuma inayoteleza na kulia kama mtu anayekumbuka kwao? Ndiyo hiyo. Wenyewe wanaliita pedal steel. Mimi nitaliita gita la pedali tuelewane.

Usifikirie gita la kukumbatia kifuani. Hili ni kama meza nyembamba yenye miguu, nyuzi zimetandazwa juu yake, na mpigaji anakaa nyuma yake kama fundi cherehani. Mkono wa kushoto ameshika kipande cha chuma cha mviringo, kizito, anakitelezesha juu ya nyuzi bila kuzikandamiza. Mkono wa kulia vidole vimevishwa kucha za bandia. Chini kuna pedali, na magotini kuna vyuma vya kusukuma kwa goti, hiki kushoto, hiki kulia. Ukikanyaga pedali, uzi mmoja unavutwa na kupanda sauti huku wenzake wametulia pale pale. Siri ya kile kilio ni hiyo: sauti mbili zinasimama, ya tatu inapanda taratibu katikati yao kama mtoto anayedandia mapajani. Gita la pedali la kawaida huwa na nyuzi kumi. La Randolph lina kumi na tatu. Nilihesabu kwa macho nikapotea, ikabidi mwanangu anisaidie.

Sasa, chombo hicho kina balaa moja: kinakufunga kitini. Mikono ina kazi, miguu ina kazi, magoti yana kazi. Kwenye bendi za kantri mpigaji wake mara nyingi ni mzee mmoja aliyeinamisha kichwa pembeni ya jukwaa, hata jina lake hulijui. Kijana gani atatamani kazi hiyo?

Randolph alianza ameketi kama wenzake. Wimbo wa kwanza, wa pili, kichwa chini. Wa tatu nikaona mabega yameanza. Kisha akasimama, kiti akakisukuma kwa kisigino kikaenda kugonga ngoma, na akaendelea kupiga akiwa amesimama, ameinama juu ya lile dude, mguu mmoja kwenye pedali, mwingine unacheza. Mangi, nilipiga yowe. Kisha akaliacha kabisa, akaja mbele, akacheza kama shemasi aliyepandisha, akarudi mbio kulidaka kabla besi haijamaliza mzunguko. Akawaita wasichana wapande jukwaani wacheze, wakapanda kama ishirini hivi, wa umri wa Neema wako, na mlinzi akabaki kushika kiuno. Niligeuka kumtafuta mwanangu sikumwona. Alikuwa ameshasogea mbele kabisa kwenye uzio, vile vidude vya masikioni kavitia mfukoni.

Lakini sikuandikii barua kukusimulia sarakasi. Hata mbuzi anaweza kuruka jukwaani. Jambo lililonifanya nichukue kalamu ni kwamba hayo yote jamaa kayatoa kanisani.

Kuna kanisa la Kipentekoste la Wamarekani weusi linaitwa House of God, lilianzishwa mwaka 1903 na mama mhubiri, Mary Magdalena Tate. Miaka ya 1930 ndugu wawili wa Philadelphia, Troman na Willie Eason, waliingiza ibadani gita la kulaza la Kihawaii. Troman alifundishwa na Mhawaii. Willie, mdogo wake, hakujali sana noti za mwalimu, yeye alilifanya gita liimbe. Alikuwa akiimba mstari nusu, nusu ya pili anaiacha uzi uimalizie, na waumini wanayasikia maneno kabisa. Tangu hapo, kwa wenzetu hao, gita hilo ndilo lililochukua nafasi ya kinanda. Mhubiri akipanda, nalo linapanda. Mtu akishukiwa na Roho, mpigaji haachi, anamsindikiza mpaka atulie. Miaka ya 1970 Chuck Campbell wa Rochester akaleta lile la pedali. Na muda wote huo watu wengi wa nje hawakuwa na habari, hadi lebo ya Arhoolie ilipotoa santuri yao mwaka 1997. Karibu miaka sitini, Baba Neema! Hebu fikiria kwaya ya tarafani kwako ingekuwa na mtindo wake tangu enzi za ukoloni na karibu hakuna wa nje aliyewahi kuusikia.

Randolph alikulia humo. Nyumbani kwao miziki ya dunia haikuruhusiwa, amesema mwenyewe mara nyingi, kwa hiyo hata hao magwiji wa bluzi hakuwajua mpaka alipokuwa mkubwa na mtu akampa kanda ya Stevie Ray Vaughan. Hapo ndipo alipotaka lile gita la ibadani liunguze kama la Vaughan. Mwaka 2001 akarekodi New York, ukumbi wa Wetlands, yeye na binamu zake kwenye ngoma na besi, na mwaka 2003 jarida la Rolling Stone likamtia kwenye orodha ya wapiga gita mia bora. Wazee wengine wa kanisa hawakufurahia gita lao kwenda kupigwa mahali panapouzwa bia. Nawaelewa. Hata wewe ungeitisha kikao.

(Na usije ukaniambia haya ni mambo ya Wamarekani. King Sunny Adé wa Nigeria aliliweka gita hilo hilo katikati ya muziki wake wa juju. Na Joseph Kekuku, yule wa Hawaii anayesemwa ndiye aliyeanza kutelezesha chuma juu ya nyuzi, alifia huku huku New Jersey mwaka 1932. Kila nikipita Dover, alikozikwa, namkumbuka. Mbali kiasi gani na kwao.)

Kwenye gari tunarudi nilimuuliza mwanangu kilichomvuta ni nini. Nilitegemea aseme kule kuruka. Akasema, "Baba, alikuwa anakifurahia, hakuwa anakitunza." Nilinyamaza mpaka taa mbili za barabarani.

Maana nilikukumbuka wewe, na mimi pia. Unakumbuka mwalimu wetu wa kwaya na ule ufunguo aliokuwa akiufunga kwenye mkanda wa suruali? Gita la solo lilikuwa halishikwi na mtoto. Lilitoka Jumapili saa tatu, likafutwa kwa kitambaa, likarudi saa sita. Sisi tulijifunza kwa kupitia dirishani, wewe ukinipa mgongo nipande, halafu navuta mkono wako. Tulipiga bila spika, sikio tumelibandika kwenye ubao tusikie. Siku uliyokata uzi wa kwanza tulikimbia mpaka mtoni na wiki nzima hukutia mguu kanisani.

Sasa niambie, ufunguo wa stoo anao nani leo?

Nakusikia unasema wataliharibu. Watakata nyuzi, ndiyo, kama wewe. Labda utasema pia kwamba kule kufungiwa ndiko kulikotutia hamu, na hapo sina jibu kamili. Lakini vijana wako hawapiti dirishani. Wana kinanda mkononi na simu mfukoni, kwa nini wachubuke magoti? Wale watoto wa House of God walikuwa wakikaa hatua mbili kutoka kwenye pedali, wakiona mguu wa mpigaji unavyokwenda, ibada nzima, kila Jumapili. Kwako wanaona mgongo wako tu, na uso wa mtu anayehesabu noti. Nisamehe, rafiki wa kweli ndiye anayesema. Una mkono mzuri kuliko wote niliowahi kusikia, lakini ukipiga unanuna kama karani wa mahakama.

Fanya hivi. Jumamosi moja, siyo Jumapili ili wazee wasipate neno, litoe nje, uliunganishe kwenye spika chini ya mwembe, uwape. Usiwafundishe kwanza. Kile kinanda nacho kiache kipige midundo yake, hakina kosa. Kisha wewe pokea, simama, piga lile pambio letu la zamani kwa kasi tuliyokuwa tukilipiga baada ya mwalimu kuondoka. Utaona nani atasogea. Akisogea mmoja inatosha, sisi tulikuwa wawili tu.

Shemeji mwambie viungo alivyotuma vilifika ila nusu yake vilimwagika njiani, begi zima linanukia pilau mpaka leo. Binamu yangu anakuja huko Desemba, nimempa seti tatu za nyuzi. Uzi namba moja nimeongeza minne ya akiba, unajua mwenyewe kwa nini.

Mwanangu anasalimu. Jana aliniuliza gita la pedali linauzwa shilingi ngapi. Nilimwonyesha bei, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama nyumbani tuna mbao na pedali za baiskeli. Sasa hivi yuko gereji, nasikia msumeno.

Wako wa siku zote,
Mzee wa Rithimu