Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Michezo na Mazoezi ya Watoto wa Shule, Morogoro

Ndugu wanachama, walimu wenzangu wa michezo, makocha na wazazi,

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Waliohudhuria ni 26, akidi yetu ni 22, kwa hiyo hii ni mara ya kwanza mwaka huu mkutano wetu kuwa halali. Nitalirudia jambo hili mbele.

Shughuli za kawaida mnazijua. Semina 3 za walimu zilifanyika. Tulisaidia maandalizi ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ngazi ya kata. Mipira na kamba za kuruka tuligawa katika shule 4. Kikao na wazazi kuhusu mchakamchaka kilifanyika Kihonda.

Mapato: ada 756,000, michango ya wazazi 390,000, salio la mwaka jana 410,000, jumla shilingi 1,556,000. Matumizi: vihesabu hatua 40 (vifaa vidogo vya kuvaa kiunoni vinavyohesabu hatua za mtoto) kwa 880,000, vifaa vya michezo 215,000, nauli na chai za semina 168,000, fomu na kurudufu 93,000, jumla 1,356,000. Salio ni 200,000. Risiti zote anazo mweka hazina, na anayetaka kuziona azione leo hapa hapa kuliko kuandika mambo kwenye kundi la WhatsApp usiku wa manane.

Sasa nije kwenye bonanza la michezo, ambalo mwaka huu hatukulifanya, tukanunua vihesabu hatua. Nimesemwa sana. Nimeambiwa nimeua michezo, na kwamba fedha ya jezi na kombe nimenunulia vidude vya kichina. Naomba mnisikilize.

Uamuzi haukuwa wangu peke yangu. Mkutano uliitishwa Machi, wakaja watu 11. Ukaitishwa tena, wakaja 14. Kamati ikakaa sebuleni kwangu, wajumbe 9, na 5 wakakubali tusifanye bonanza mwaka huu. Bonanza lingekula shilingi milioni 1 na laki 1, fedha ambayo hata hatukuwa nayo yote. Vihesabu nilivifuata mwenyewe Kariakoo kwa nauli yangu, na sijadai hata senti.

Hoja yangu ni hii. Kwa miaka 19 niliyofundisha michezo, tumekuwa tukihesabu vikombe. Shule ikichukua kombe tunasema watoto wake wana mazoezi. Lakini kombe linachezewa na watoto 14 au 15, na mamia waliobaki wanapiga makofi. Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu mwaka 2019 kutoka nchi 146: vijana wa shule wenye miaka 11 hadi 17 ambao hawafikishi mazoezi yanayotakiwa ni asilimia 81. Wasichana ni asilimia 85, wavulana 78. Hao asilimia 81 hawapo kwenye timu zetu. Wako pembeni ya uwanja.

Ijumaa moja nilikwenda shule mojawapo Kihonda. Darasa la tano, wanafunzi 71, mpira mmoja, kipindi cha dakika 40. Timu mbili zikaingia, wengine wakapanga mstari kusubiri zamu. Binti mmoja alikuwa na kihesabu kiunoni, kimebanwa kwenye mpira wa sketi. Kipindi kilipoisha nilibandua mwenyewe plasta tuliyokifungia nikasoma: hatua 540. Alikuwa amesimama amekunja mikono, mstari ukasogea mara mbili, kengele ikagonga kabla zamu yake haijafika. Ijumaa iliyofuata tulimwomba mwalimu mpira ubaki ofisini. Watoto wakacheza rede kwa makundi, wengine kamba, na dakika 10 za mwisho kombolela nyuma ya madarasa. Binti yule yule, dakika zile zile 40: hatua 2,870. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na alinyang'anyana na mwenzake nafasi ya kurusha.

Ndugu zangu, kama tusingepima, ile Ijumaa ya kwanza tungeiandika kwenye fomu kuwa darasa limefanya michezo.

Wapo waliosema kuuliza watoto kungetosha. Tuliuliza pia. Karibu wote walijibu kwamba wanacheza kila siku, na yule binti alijibu hivyo hivyo. Mtoto anakumbuka raha ya mchezo, dakika zenyewe hazikumbuki. Wapo waliosema simu zinahesabu hatua bure. Mtoto gani wa darasa la tano Bigwa ana simu mfukoni?

Kuna hoja moja naikubali. Vihesabu havioni kila kitu. Mtoto akiendesha baiskeli havimhesabu sawasawa. Mtoto akibeba ndoo ya lita 20 kichwani, kihesabu kinaona hatua tu, uzito hakiujui. Tulikuwa na mtoto aliyefikisha hatua zaidi ya 5,000 kabla ya kengele ya asubuhi, kwa kuchota maji na kutembea hadi shule, na huyo mwalimu wake alikuwa amemwandika mvivu kwa sababu jioni anakaa chini ya mwembe. Siku za mwanzo pia watoto walivitikisa kwa mkono, ndiyo sababu tukavifunga plasta na tukaacha kuhesabu siku ya kwanza ya kila mtoto.

Na tafadhali tuache habari ya hatua 10,000. Namba hiyo ilitokana na jina la kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikuwekwa kwa ajili ya watoto wetu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kila siku wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kumfanya aheme, na angalau siku 3 kwa wiki michezo ya kujenga misuli na mifupa. Kuruka kamba ni mojawapo. Kamba ya katani haihitaji bonanza.

Kuhusu ada. Tuko wanachama 64, ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi. Waliomaliza ni 23. Waliolipa nusu ni 17. Waliobaki 24 hawajatoa chochote, na sitawataja, ila inaniuma kwamba waliolaumu zaidi habari ya bonanza wengi wao wamo humo. Tungekusanya ada yote tungekuwa na 780,000 zaidi, na huenda leo tusingekuwa tunagombania kombe au vihesabu. Kuhusu mahudhurio, naelewa udhuru wa misiba na ugonjwa. Udhuru wa mpira kwenye televisheni siuelewi. Mkutano ukikosa akidi mara mbili, kamati itaamua, na kamati ikiamua msiseme hamkushirikishwa.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuzifikia shule nyingi zaidi, hasa za kule milimani, na kuzungumza na wakuu wa shule ili twisheni ya alfajiri isiendelee kumeza mchakamchaka. Tunatumaini pia kupata mfadhili. Bonanza linaweza kurudi hali ikiruhusu, ila nitapendekeza liwe na michezo ambayo kila mtoto anaingia.

Mwisho, vihesabu viwili havijarudi, namba 17 na namba 31. Vilikuwa mikononi mwa walimu, si watoto. Naomba viletwe kwa katibu kabla ya shule kufunguliwa, kwa sababu darasa la nne linavisubiri.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti