Kwa nini hita ya injini huungua, na kwa nini kuifunga kuna bei

Kila baridi inapokaza, gerejini kwetu tunaletewa lalamiko lile lile kuhusu hita ya bloku, kifaa cha umeme kinachopasha joto bloku (mwili wa injini) kabla ya kuwasha gari: "Hita hii mbovu. Nimeichomeka na gari halikuwaka." Juzi mteja mmoja alikwenda mbali zaidi. Alisema gereji zinawaibia watu, kwa sababu hita yenyewe aliiona dukani kwa bei isiyofika hata nusu ya tuliyomtajia, akainunua na kujifungia mwenyewe. Tulipoipima kwa mita, umeme haukupita kabisa. Tukafungua kifuniko cha rejeta, kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, haikuonekana.

Hita ya bloku ina waya wa joto ndani ya bomba la chuma, sawa na ule wa birika la umeme. Kwenye injini nyingi inaingia katika tundu la bloku ambalo kiwandani huzibwa kwa kizibo cha chuma, na kichwa chake kinazama ndani ya kulanti. Kulanti ikipata moto inapanda, ya baridi inashuka kuchukua nafasi yake, na hivyo joto linasambaa kwenye kuta za silinda hadi juu kwenye silinda hedi bila pampu kuzunguka. Sasa washa birika tupu uone litadumu muda gani. Hita ikizungukwa na hewa badala ya kulanti inakufa vivyo hivyo, hata kama imetoka kwenye boksi asubuhi ile.

Ndiyo maana bei yetu si bei ya kifaa. Tunamwaga kulanti, tunang'oa kizibo bila kukisukumia ndani ya bloku, tunasugua kutu kwenye mdomo wa tundu mpaka chuma king'ae, tunalainisha oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja), tunakaza kwa kipimo cha mtengenezaji. Kisha tunajaza kulanti, tunawasha injini na kusubiri termostati (vali ya kulanti inayofunguka kwa joto) ifunguke, tunatoa hewa, tunaiacha ipoe, tunaangalia kimo tena. Hapo tu ndipo tunachomeka umeme. Kuna injini ambazo tundu lake limejificha nyuma ya stata, kwa hiyo stata inashuka kwanza. Anayeona tumekaa na gari nusu siku hudhani tunavuta muda. Muda mwingi pale unakwenda kwenye kutoa hewa, na ndiyo hatua ambayo anayejifungia nyumbani huiruka, kwa sababu ukiiruka hakuna kinachoonekana kuharibika siku hiyo.

Kulanti nayo ina habari zake. Tuliwahi kupokea gari lililovutwa kwa kamba, bloku imepasuka ubavuni. Mwenyewe alikuwa akiongeza maji matupu kila kimo kikishuka, akiamini kwamba kwa kuwa hita ipo, injini haiwezi kuganda. Usiku mmoja umeme ukakatika. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma cha bloku hakina pa kwenda. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu glikoli, dawa ya kuzuia kuganda, unastahimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, umeme uwepo usiwepo. Hita haijawahi kuchukua nafasi ya kulanti nzuri, na yule bwana alilipia injini nzima kwa kukwepa galoni moja.

Halafu waya wa ekstensheni. Hita za magari madogo nyingi hula wati 400 hadi 750, na za dizeli kubwa hupita 1,000, tena kwa saa kadhaa mfululizo. Waya mwembamba wa kuchomekea taa ya mezani haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Tumeletewa plagi zilizoyeyuka zikashikana na soketi, na moja ilikuwa imekwishaanza kuchoma bampa. Tumia waya wa nje wenye nyaya tatu, ule wa tatu ukiwa wa kwenda ardhini, na uufungue wote. Ukiuacha umeviringishwa, joto linakosa pa kutokea.

Usiku kucha si lazima. Saa mbili hadi nne kabla ya kuondoka zinatosha kwa magari mengi. Baada ya hapo joto unaloongeza ni lile linalopotea hewani. Hita ya wati 600 kwa saa kumi inakula uniti 6, kwa saa tatu inakula 1.8. Nunua taima, itajilipa. Lakini pia usije kutulaumu ukiwa umechomeka kwa robo saa wakati unakunywa chai.

Yapo mambo ambayo hita haiwezi kuyaponya. Betri kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kubaki na karibu nusu ya nguvu zake, na iliyochoka haitazungusha stata hata bloku iwe na uvuguvugu. Oili ni vilevile: ya daraja la 15W (W hapa ni ya baridi, si wati) hupimwa uwezo wa kuzungushika kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 5W kwenye 30, 0W kwenye 35. Dereva mmoja wa lori alitufokea kwamba hita tuliyomfungia ni ya bandia. Bloku yake ilikuwa na joto safi kabisa. Dizeli ndiyo iliyoganda nta na kuziba filta, maana hita ya bloku haigusi tangi la mafuta. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amepuliza dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa huku hita plagi (vijiti vya kupasha joto ndani ya silinda za dizeli) zikiwaka. Dawa ililipuka kabla ya wakati wake, ringi za pistoni zikavunjika. Filta na dizeli ya majira ya baridi vingemgharimu kidogo sana kulinganisha na kufungua injini.

Na tafadhali, msiweke jiko la mkaa chini ya injini. Tumeona mipira iliyoungua na oili iliyoshika moto, na ndani ya gereji iliyofungwa moshi wa mkaa unaua.

Ukija na hita uliyoinunua mwenyewe tutaifunga, ila njoo na namba ya chasisi tuhakikishe inalingana na bloku yako. Milimita moja ya kipenyo ni kuvuja. Kabla na baada ya kufunga tunapima ukinzani wake. Ya wati 400 kwenye umeme wa volti 120 inasoma karibu omu 36, ya wati 500 kwenye volti 230 karibu 106. Namba hiyo tunaiandika kwenye risiti pamoja na kimo cha kulanti, na ukirudi na lalamiko tunaanzia hapo, mita ikiwa mbele ya macho yako.