Picha zina madoa? Jua yaliko kabla ya kulipia usafi

Mteja akiona nukta nyeusi kwenye picha, kitu cha kwanza anachosafisha ni kioo cha mbele cha lenzi. Mara nyingi anaonea lenzi bure. Vumbi la pale mbele haliwezi kutokea kama nukta kali. Likizidi, hufifisha picha tu, hasa ukielekea jua. Nukta inayorudi palepale kila picha iko kwenye sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga na kutengeneza picha.

Pima hivi: weka kamera kwenye A au Av (hali ambapo wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi), f/16 ambalo ni tundu dogo, ISO 100, zima fokasi ya otomatiki, kisha piga ukuta mweupe au anga tupu. Mkono ukitikisika si neno. Kuza picha uikague, halafu badilisha lenzi upige tena. Madoa yakibaki palepale ni ya sensa. Yakipotea, tatizo ni lenzi. Usipime kwa f/2.8, kwani tundu likiwa wazi kivuli cha vumbi hutawanyika na doa halionekani. Ndiyo maana anayepiga harusi ukumbini hukaa muda mrefu bila kujua, hadi siku apige mandhari mchana kweupe.

Kama unayaona kwenye kitundu cha kutazamia cha DSLR (kamera yenye kioo cha kuakisi ndani) lakini picha ni safi, yaache. Hayaingii kwenye picha, na skrini ya fokasi, ile unayoitazama kupitia kitundu hicho, hukwaruzika upesi.

Ikiwa ni sensa, anza na usafi wa otomatiki ulio kwenye menyu ya kamera. Usafi huo usipotosha, chaji betri ijae, maana kwenye DSLR umeme ukikatika katikati ya kazi, kioo na shata (pazia lililo mbele ya sensa) hurudi na kugonga chochote kilichomo ndani. Chagua usafi wa mkono kwenye menyu, elekeza mdomo wa kamera chini, kisha puliza kwa pampu ya mpira mara tano au sita bila kuingiza ncha yake ndani. Doa lililo juu kwenye picha liko chini kwenye sensa. Usipulize kwa mdomo, mate huruka hata usipoyahisi. Makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta nayo hutema kimiminika kinachoacha alama mbaya kuliko vumbi lenyewe.

Doa linalogoma baada ya hapo huwa ni mafuta au uchafu ulioganda. Linahitaji kijiti maalumu chenye dawa: milimita 16 kwa sensa ndogo ya APS-C, 24 kwa sensa kubwa ya fremu kamili. Hiyo tuachie sisi.

Ukimulika lenzi kwa tochi ukaona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, ugonjwa wa kawaida Dar, Zanzibar na Mombasa kwa sababu ya unyevu. Lazima lenzi ifunguliwe, na ikiwa kuvu imeshakula rangi ya juu ya kioo, alama haitoki. Tutakwambia kabla ya kuanza. Mkoba wa ngozi ndani ya kabati ndio makao yake. Hifadhi lenzi kwenye boksi la plastiki linalofunga sawasawa, pamoja na silika jeli, vile vipakiti vinavyofyonza unyevu.

Ukija dukani, leta kamera, lenzi uliyopimia na ile picha ya ukuta kwenye kadi, bila kuihariri.